Athari Moja

Hodi, Bi Shinuna. Hodi, nyumba ya kina Harub.
Sikuleta kadi ya harusi, wala sikuja kuazima sufuria.
Nimekuja kuomba kura, na kura yenyewe ina bei.

Mnalijua Bonde la Migunga,
linaloanza pale unapokwisha ukuta wa shule ya wasichana,
likaenda, likaenda, mpaka jabali lenye rangi ya ini.
Warithi wa Thuwaini wanaliuza.
Mnunuzi ameshapiga vigingi vya chuma na utepe mwekundu;
anataka maghala ya vigae, na nyuma ya maghala
nyumba ishirini za mapumziko, kila moja na kidimbwi chake cha buluu.
Tumepewa miezi mitatu: tulinunue sisi, au tunyamaze.

Ninachoomba ni hiki.
Kila mwenye hisa ya falaji atoe athari moja kwa mwezi, miaka minne,
ipigwe mnada, fedha iingie mfuko wa bonde.
Athari, kwa wajukuu waliolelewa na bomba,
ni nusu saa ya maji.
Mababu waliipima kwa kivuli cha kijiti mchana, usiku kwa nyota.
Sisi tunaipima kwa simu, na bado tunagombana.

Jana Harub kaniambia, huku akinimiminia kahawa:
"Bonde lenyewe tupu. Unahifadhi nini, upepo?"
Nikanyamaza. Mimi jibu hunijia nikishavaa viatu.

Hili limenijia saa nane za usiku, Harub.
Chungu huwa kitupu. Mkoba wangu, ikifika tarehe ishirini, huwa mtupu.
Bonde si tupu. Bonde li wazi.
Hiki Kiswahili tulichoshuka nacho melini, pamoja na masanduku,
kimewabana watu na nzi katika ngeli moja,
lakini neno mahali kimelipa ngeli yake peke yake.
Hakuna mwenzie humo.
Waliolipanga walijua: mahali hapachanganywi na vitu.

Wala mimi si mtu wa kulilia miti.
Mwaka ule wa tufani, wadi iliposhuka na mafriji na mbuzi wa watu,
bonde liliyapokea maji, likayalaza, likayanywa taratibu.
Wiki ya tatu falaji ilipanda vidole viwili.
Limwagie saruji, maji yatatafuta mlango,
na mlango wa kwanza, Bi Shinuna, ni huu niliousimamia.

Yako na mengine, nisiyoyajua bei.
Nyuki wa Zahor, na ile asali nyeusi inayowasha koo.
Nyayo za paa mmoja, mwezi wa Rajabu,
ambazo sikumwambia mtu, kwa kuwa wanangu wana bunduki.
Na mama yangu, Mungu amrehemu:
miaka thelathini akiilaumu nchi hii,
haina mvua, haina muhogo, haina jirani wa kusutana naye,
lakini kila alasiri alikwenda bondeni, akavua kandambili, akasimama tu.
"Hapa," alisema, "angalau napumua kwa mapafu yote mawili."

Nami nina nusu athari.
Nyingine baba aliiuza akanunua gari, likafa mwaka huohuo.
Robo saa ya maji, basi. Nimeshaiandikisha, yote.

Ukisema hapana, kahawa yako nitainywa vilevile,
ila nitakaa upande unaotazama bonde
maadamu upo wa kutazama.

Kule tulikotoka, athari ni kile kinachobaki
jambo likishapita.
Huku ni maji.
Miaka yote hii nilidhani ni maneno mawili.

Kura ni Jumatano, baada ya alasiri, kwenye sabla ya msikiti wa chini.
Wanawake tunapiga pia; nimeuliza mara mbili.
Njoo na kitambulisho. Kalamu ninayo.